Kabla hujaenda kutega komba

"Dada, nimepata nafasi ya kwenda msitu wa Zaraninge kutega komba. Nibebe mitego mingapi?"

Ujumbe huu umeniingia juzi usiku, usingizi ukaniruka. Mdogo wangu, na mimi nilianza hivyohivyo, kwa kuhesabu mitego.

Vibali vya utafiti nisikuchoshe: COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori), na kwa kuwa msitu upo ndani ya Hifadhi ya Saadani, TANAPA (shirika la hifadhi za taifa) pia. Anza mapema.

Mimi nilikuwa namtafuta komba wa Rondo, yule mdogo kabisa. Nilikwenda na mitego 20 na ndizi mbivu za chambo. Mzee aliyetuongoza alicheka mpaka akakaa chini. "Komba wa Bagamoyo unampa ndizi? Mtilie mnazi!" (Waulizeni wagema, watawaeleza.) Nikamwona mzee wa watu hajui utafiti. Siku nane nikanasa panya.

Mzee mitego hata haiangalii. Anazima tochi, anakaa kimya, anasikiliza. "Huyo anayelia kama mtoto ni yule mkubwa. Wako huyo hapo, chini." Na kweli, komba wadogo wanafanana mno, mlio ndio unaowatenga. Nikahamishia mitego vichakani alikonionyesha. Usiku wa tisa akaingia komba wa Rondo: gramu 60 hivi, mkia kama brashi ya kuoshea chupa. Mikono ilinitetemeka, daftari likaanguka. Wangapi wamewahi kumshika yule? Mimi nimemshika.

Usiku wa kumi nikalala. Zamu ya saa nane ilikuwa yangu, nikasema nijinyooshe kidogo. Alfajiri nakuta mtego umekuwa mweusi kwa siafu. Sitaeleza zaidi.

Msimamizi wangu aliniita mzembe mbele ya wenzangu. Ni kweli nilizembea. Lakini yeye siku zote hizo alikuwa mjini, chini ya feni, na hilo halijanitoka.

Kwa hiyo kagua mitego. Umechoka? Kagua. Mvua? Kagua. Jike la komba huacha mtoto tawini akienda kutafuta chakula. Ukimfungia mama mpaka asubuhi umewafunga wawili. Nyie vijana mnataka picha na komba kiganjani, mkishapiga mnakwenda kulala. Yule mnyama hakuomba kuja kwenye tasnifu yako!

Mitego kumi inakutosha. Betri beba nyingi, na saa yenye kengele. Na ukimkuta yule mzee, mwambie nakuja na sukari yake.