Kutengeneza pazia la nyuma la studio ya picha kwenye chumba cha kupanga

Dada, pole. Nimekuelewa: chumba ni cha kupanga, mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe, na satini uliyotundika inang'aa na kuonyesha kila mkunjo.

Satini iache, itakusumbua kila ukiwasha flashi. Nenda Kariakoo ukatafute marekani nzito, au pamba yoyote isiyong'aa. Mita tatu kwenda juu zinatosha kwa mtu aliyesimama. Ukitaka kitambaa kitandazwe mpaka chini ya miguu, nunua tano au sita. Upana wa dukani mara nyingi ni kama mita moja na nusu, kwa hiyo utaunga vipande viwili vya urefu huo. Kifue kwanza ndipo ukitie rangi na kukishona, maana pamba hurudi. Mwambie fundi cherehani aache pindo pana juu, bomba lipite.

Bomba liwe la chuma. La plastiki likiwa refu hupinda katikati, na kitambaa hufuata. Liweke juu ya stendi mbili, kisha vuta kitambaa pembeni kwa vibanio. Mikunjo mingi itaisha hapo, iliyobaki pasi ya mvuke itaimaliza. Mteja asimame mita moja na nusu au mbili mbele yake, kivuli kisiangukie nyuma.

Tafadhali weka mifuko ya mchanga kwenye miguu ya stendi, hasa ukiwapiga picha watoto: wanavuta kitambaa! Taa zinazopata moto zikae mbali na kitambaa. Mwenye nyumba akikubali kutoboa siku moja, mwite fundi umeme kwanza aonyeshe nyaya zilipopita.