Kwa mzazi wa kidato cha kwanza: habari ya hisabati

Kila mwezi wa tatu, matokeo ya nusu muhula yakitoka, ofisi yetu ya walimu hujaa. Mzazi ameshika karatasi ya mwanawe imeandikwa 34. "Mwalimu, huyu darasa la saba alipata 38. Mmemfanya nini?" Nafundisha hisabati shule ya kata huku Mbagala, Dar es Salaam, huu mwaka wa 11, na swali hilo nimelizoea. Zile 38 zilikuwa kati ya 50. Hizi 34 ni kati ya 100. Kwa hiyo ameshuka kweli, tena kuliko ulivyodhani. Lakini kwa madaraja ya sekondari D huanzia 30 na A huanzia 75, kwa hiyo hajafeli. Vuta kiti tuongee.

Miezi hii ya mwanzo kinachomwangusha mtoto mara nyingi si hesabu. Shule ya msingi ya serikali alisoma kwa Kiswahili, na Januari ameingia darasa ambalo karibu kila kitu ni Kiingereza. Ile kozi ya Kiingereza ya wiki za mwanzo humsaidia kusalimia na kuomba ruhusa ya kutoka nje. Kwamba KDS, kigawe kidogo cha shirika, aliyokuwa akiitafuta vizuri darasa la sita ndiyo hiyo hiyo LCM, hilo hakuna aliyemwambia. Anaona herufi tatu ngeni, anaamini ni mada ngeni.

Mwaka wangu wa kwanza kazini niliuliza kwenye jaribio: "What is the difference between 12 and 7?" yaani tofauti ya 12 na 7 ni nini, nikitarajia atoe na kuandika 5. Kijana mmoja akajibu, kwa Kiingereza cha kuungaunga, kwamba 12 ni shufwa na 7 ni witiri. Nikampa sifuri, wino mwekundu, nikapita. Jioni, nimening'inia kwenye daladala, ndipo nikang'amua kwamba yule mtoto amenijibu sawasawa. Aliyeuliza vibaya ni mimi. Tangu hapo kila mwanafunzi wangu ana daftari dogo la maneno, Kiingereza upande huu, Kiswahili upande ule. Mzazi usiye na Kiingereza kazi yako iko hapo: taja neno la Kiswahili, yeye akupe la pili. Mzingo, eneo, kigawo, pembetatu. Dakika 10 ukiwa unakoroga uji zinatosha.

La pili ni hatua. Darasa la saba maswali mengi ni ya kuchagua herufi na kuweka kivuli. Aliyekokotoa na aliyebahatisha wanafanana. Huku tunasahihisha njia. Mtoto akiandika jibu tupu, hata likiwa sahihi, anapoteza alama, na aliyekosea kujumlisha mstari wa mwisho anaweza kuondoka na alama nyingi. Basi fungua daftari. Huhitaji kuelewa kilichomo. Kila swali lina mistari kadhaa, au jibu limedondoka kutoka mbinguni? Palipo na mkasi mwekundu wa kosa, chini yake kuna masahihisho? Daftari lisilo na masahihisho linaniambia mengi kuliko ile 34.

Kuna jambo dogo ambalo mtaligombania nyumbani, bora nilitaje. Sote tulikariri MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Ni nzuri, ila inasomwa vibaya. Mpe mtoto 10 − 4 + 3. Wengi, na wazazi wao, wanajumlisha kwanza kwa sababu JU iko mbele ya TO: 4 na 3 ni 7, toa kwenye 10, jibu 3. Jibu ni 9. Kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja, unatoka kushoto kwenda kulia. Vivyo hivyo kugawanya na kuzidisha. Shule ya msingi kosa hili linaweza kujificha, lakini likiingia kwenye aljebra linaharibu ukurasa mzima.

Namba hasi, kwa upande mwingine, mama mwenye genge anazifundisha kuliko mimi. Una deni la 3,000, ukakopa tena 5,000: −3 − 5 ni −8, na hakuna mtoto wa genge anayebisha. Ila usijaribu deni kwenye kuzidisha hasi kwa hasi, hapo mfano unagoma. Niachieni mimi.

Tuisheni? Sina ugomvi nayo, lakini si Januari. Subiri nusu muhula ujue tatizo ni lugha, ni hatua, au ni sehemu na desimali za darasa la tano ambazo hakuwahi kuzielewa. Tuisheni nyingi mtaani hukimbilia mada za mbele, mtoto anarudi na kanuni asizojua zimetoka wapi. Nikiwa na wanafunzi 70 na kitu darasani sijisifu kwamba namfikia kila mmoja, kwa hiyo njoo mwezi wa pili, mchana, uniulize mwanao amekwama wapi. Usisubiri upimaji wa kidato cha pili, ambao asiyefikia kiwango hurudia darasa. Na tafadhali, si ujumbe wa simu saa nne usiku.

Ada ya sekondari za serikali, kidato cha kwanza hadi cha nne, iliondolewa tangu 2016, lakini daftari na mkebe ni juu yako. Chukua kaunta buku nene ya kwaya tatu, ile nyembamba inaisha kabla ya Pasaka. Mkebe ukiununua Kariakoo usiangalie rangi ya kopo. Toa bikari, ikaze, chora duara pale pale kwenye kipande cha boksi cha muuzaji. Mstari ukirudi usikutane na ulipoanzia, mrudishie.