Jina la ugonjwa linatuponza: barua kwa mwanangu

Kibosho, Moshi

Mwanangu Neema,

Nashukuru ulinipigia jana usiku kuniambia Baraka ameshachomwa sindano ya kwanza. Nilipata usingizi. Paka asiyejulikana amng'ate mtoto kidole kisha atokomee nyuma ya nyumba za watu, hilo si la kungoja. Uliniuliza habari ya yule mwenzako wa kazini anayesema kichaa cha mbwa ni cha mbwa, paka anahusikaje. Ukataka kujua ni wanyama gani hasa wanaoupata na kuuambukiza. Mtandao ukakata. Nimeona bora nikuandikie.

Jina la ugonjwa ndilo linalotuponza. Virusi vyake vinaweza kumwingia mnyama yeyote anayenyonyesha: mbwa, paka, ng'ombe, mbuzi, punda, nguruwe, fisi, bweha, nyegere, nguchiro, tumbili, popo, na sisi binadamu. Kuku, bata, nyoka, mjusi na mbu hawamo. Kwa hiyo yule jogoo wa jirani yako anayewadonoa watoto hawezi kuwapa kichaa.

Ila kuupata ni jambo moja na kuuambukiza ni jingine. Panya, kwa mfano, anaweza kuupata, lakini ni nadra mno kumkuta nao, na haijajulikana aliyewahi kumpa mtu. Kwa binadamu, vifo 99 kati ya 100 hutokana na mbwa, kwa kuwa ndiye tunayeishi naye, anazurura usiku, anapigana na wenzake. Paka kwa kawaida huupata kwa mbwa. Mimi namwogopa paka kwa sababu meno yake ni membamba: yanazama ndani, juu linabaki tundu dogo ambalo mtu analipaka mafuta na kuendelea na kazi. Wa porini nao wamo. Ukiona bweha au nguchiro anaingia bomani mchana kweupe bila woga, usiseme amezoea watu. Hata wala majani hawajasalimika. Kule Namibia tandala wamekufa kwa maelfu kwa ugonjwa huu huu.

Na ng'ombe. Ulikuwa mdogo, sidhani unamkumbuka Malkia. Asubuhi moja nilimkuta bandani amepanua mdomo, udenda unaning'inia kama nyuzi mpaka kwenye majani ya mgomba niliyomwekea jioni, hajayagusa. Analia, lakini sauti imekwaruza, haiishi. Tukajua amekabwa na parachichi. Baba yako akakunja shati, akaingiza mkono mpaka kiwiko kutafuta, na mkono huo huo ulikuwa na mikwaruzo ya miba ya kihambani. Hakukuta kitu. Bwana mifugo alipofika alisimama mlangoni mwa banda, akamtazama Malkia kwa muda, kisha akauliza, "Nani amemshika mdomoni?" Hapo ndipo nilipokumbuka mbwa mgeni aliyepita kihambani wiki kadhaa nyuma na kumng'ata mguu. Ng'ombe hakumng'ata mtu yeyote, Neema. Baba yako ndiye aliyeyafuata mate yenyewe.

Dispensari ya kwanza tuliambiwa chanjo hakuna, turudi wiki ijayo. Sitaisahau siku ile. Tulipanda gari tukaenda mbali zaidi, akachomwa jioni ile ile, akamaliza sindano zote. Malkia alikufa siku ya nne. Wapo waliotaka tuuze nyama, tukamfukia. Maziwa tuliyokunywa siku za nyuma yalikuwa yamechemshwa, na moto unaviua virusi hivyo, lakini mabichi ya mnyama mgonjwa usiyaonje kamwe.

Ndiyo maana nakwambia: ukishajua ni mnyama anayenyonyesha, uliza mate yake yamefika wapi. Yakiingia kwenye jeraha, mkwaruzo, jicho au mdomo, virusi hufuata mishipa ya fahamu polepole kwenda kwenye ubongo. Mara nyingi huchukua miezi miwili mitatu. Huweza pia kuchukua wiki moja, au hata mwaka. Safari hiyo ndiyo nafasi yetu. Dalili zikishaanza, mtu kuogopa maji na kushindwa kumeza, karibu hakuna anayepona.

Ulifanya vizuri kumwosha Baraka kwa sabuni na maji ya bomba kabla ya kutoka nyumbani. Safari nyingine tazama saa, zitimie dakika 15, hata kama analia. Wala usikubali mtu abandike jani au kitunguu saumu. Yule paka angepatikana angefungiwa na kuangaliwa siku 10. Akiwa mzima baada ya hapo, mate yake hayakuwa na virusi siku aliyong'ata. Hajapatikana, kwa hiyo Baraka amalize sindano zote kama zilivyoandikwa kwenye kadi, hata kidole kikipona kesho.

Mbwa wenu alichanjwa lini mara ya mwisho? Kama mwaka umepita, mpeleke wiki hii, pamoja na yule paka wako wa jikoni. Watu huwasahau paka siku ya chanjo.

Nitumie tarehe za sindano zilizobaki. Moja nitakuja Arusha nimpeleke mwenyewe, nawe uende kazini bila wasiwasi.

Mama yako