Wasomaji wanauliza: Moto wa Holi na kuoga Ganga ni sikukuu moja?

Swali: Mhariri habari za kazi. Nakaa Upanga, majirani zetu Wahindu juzi usiku waliwasha moto mkubwa wakawa wanauzunguka na nazi na maji, kesho yake wakapakana rangi mpaka kwenye nywele. Mwanangu anasema ni sikukuu ileile aliyoona kwenye TV watu mamilioni wanaoga mtoni kwenye baridi. Ni kweli? Na wanaabudu moto? (Mama wa watatu, Dar)

Jibu: Salama mama. Ni vitu viwili tofauti. Huo moto ni Holika Dahan, mkesha wa Holi, ile sikukuu ya kupakana rangi, unawashwa usiku wa mwezi mpevu wa Phalguna, mwezi wa kalenda ya Kihindu unaoangukia mwishoni mwa Februari au Machi. Kisa chake ni kwamba mfalme Hiranyakashipu alitaka aabudiwe yeye, mwanawe Prahlad akagoma akaendelea kumwomba mungu Vishnu, basi baba akamwambia dada yake Holika, ambaye moto ulikuwa haumuunguzi, ampakate mtoto waingie motoni, shangazi ndo akateketea mtoto akatoka mzima. Kwa hiyo wanachoshangilia ni kupona kwa Prahlad. Ila nisikudanganye, moto wenyewe wanauheshimu sana, Agni ni mungu wa moto toka enzi za Veda, vitabu vyao vitakatifu vya kale, na hata harusi yao maharusi wanauzunguka moto.

Zile nazi sasa. Wagujarati, na Wahindu wengi wa huku asili yao ni Gujarat, wanakuja na nazi, tende, bisi na dengu za kukaanga, kidogo kinatupiwa motoni, mtu anazunguka huku anamwaga maji taratibu kutoka kwenye kichombo cha shaba. Nazi nyingine inaopolewa fuu limeshakuwa jeusi, inapasuliwa watu wanagawana. Ukikaribishwa kipande usikatae, ile nyama inakuwa na kaharufu ka moshi katamu balaa.

Alichoona mwanao kwenye TV nadhani ni Kumbh Mela, mkusanyiko mkubwa wa kuoga mtoni, ya Prayagraj kule India, pale mto Ganga unapokutana na Yamuna na mto wa tatu usioonekana, Saraswati. Hiyo kubwa inazunguka kila baada ya miaka 12 hivi kwa kufuata sayari ya Jupita, ya mwisho ilikuwa tarehe 13 Januari mpaka 26 Februari 2025. Wanaoamini wanasema kuzamia hapo kunaosha dhambi, na siku kubwa wanaotangulia majini ni masadhu wa Naga, watawa wao walioacha mambo ya dunia, uchi na majivu mwili mzima. Uzuri upo ila na hatari ipo, 29 Januari mwaka huo watu walikanyagana usiku wa manane wakafa wasiopungua 30.

Lakini mwanao hajakosea kote maana Januari moto na maji vinaongozana kweli. Usiku wa tarehe 13 Wapunjabi wanawasha moto wa Lohri, wanatupia ufuta, karanga na bisi, halafu tarehe 14 au 15 ni Makar Sankranti, siku ya kuoga mtoni. Kule kusini mwa India wana Bhogi, alfajiri wanachoma makorokoro ya zamani ya nyumbani, kesho yake ni Pongal, sikukuu ya mavuno. Hizi zinafuata jua ndo maana tarehe haihami sana, Holi inafuata mwezi.

Swali: Mhindu wa huku asiye na nauli ya India anaoga wapi? (Msomaji, Mombasa)

Jibu: Bafuni kwake kaka! Wengi wanaweka nyumbani kichupa cha maji ya Ganga, wanadondoshea kidogo kwenye ndoo halafu wanasoma dua ya Kisanskriti inayoita mito saba, Ganga, Yamuna, Godavari, Saraswati, Narmada, Sindhu na Kaveri, ije kwenye maji yale. Kipindi cha Diwali, sikukuu yao ya taa, pia kuna kuoga alfajiri baada ya kujipaka mafuta, haihitaji mto wowote.

Swali: Mbona inafanana na Mwaka Kogwa wetu? (Mdau, Unguja)

Jibu: Inafanana kwa macho tu, kuna maji na kuna moto, basi. Mwaka Kogwa unahusishwa na Nairuzi, mwaka mpya wa Waajemi, sio Uhindu, na pale kinachochomwa ni kibanda cha makuti baada ya wanaume kuchapana na migomba. Kama hujawahi kuona nenda Makunduchi mwezi wa saba, wahi mapema maana watu wanajaa.