Mtoto ana mafua? Linda sikio kuanzia puani

Kusi ikivuma, Juni hivi, watoto wengi huku Mtwara wanashinda na kamasi. Wa Newala, kule juu kwenye ukungu, ndio zaidi. Mafua yenyewe hupita. Ninachokiogopa ni sikio. Mwanangu wa pili alikuwa hivyo: akipata mafua tu, baada ya siku chache analia usiku kashika sikio.

Nyuma ya pua kuna njia nyembamba inayofika ndani ya sikio. Ya mtu mzima imeinama, majimaji yanateremka. Ya mtoto ni fupi na imelala, hivyo mafua yakiivimbisha, maji yanatuama sikioni na vijidudu vinazaliana. Ndiyo maana mimi nahangaika na pua. Nachemsha maji kikombe cha robo lita, natia chumvi nusu kijiko cha chai, nayaacha yapoe. Namtia mtoto matone mawili kila tundu, nasubiri kidogo, nafuta kwa kitambaa laini, kabla ya kunyonya na kabla ya kulala. Kesho yake nachemsha mengine. Anayejua kupenga apenge taratibu, tundu mojamoja. Akilazimisha, kamasi linasukumwa sikioni.

Ziwa usimkatize. Wa chupa asinywe amelala chali, mpakate kichwa kiwe juu.

Halafu moshi. Sigara na kuni tunazijua, lakini huku kwetu kuna moshi wa kuchoma korosho, unaowasha koo hata la mtu mzima, na bado tunachoma mtoto yuko mgongoni. Jamani mama zangu, mwachieni bibi yake mpaka mmalize.

Angalia na kadi ya kliniki: chanjo ya nimonia, wiki ya 6, 10 na 14. Bakteria anayeleta nimonia huyo huyo huharibu na masikio. Haizuii kila ugonjwa wa sikio, ila inapunguza.

Sikioni kwenyewe usitie kitu, si mafuta ya nazi, si maziwa ya mama, si njiti ya pamba. Wala usikimbilie kununua antibayotiki kwa sababu ya mafua. Mafua ni virusi, hazivigusi. Ila akishika sikio akilia, akiwa na homa au akitoka usaha, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo. Ukiona uvimbe nyuma ya sikio, nenda hospitali moja kwa moja, hata kama ni usiku.