Mwacheni mstaafu akae barazani

Wiki hii mmeuliza: "Mstaafu afanye nini ili asikae bure?" Swali nimelisoma mara mbili, na mara zote mbili kilichonichoma ni hilo neno la mwisho. Nani kasema kukaa ni bure?

Nilikuwa karani wa kuhesabu mizigo bandarini Kilindini, Mombasa, kwa miaka 33, mingi ikiwa ya zamu ya usiku. Wenzetu wa serikalini walipoongezewa umri wa kustaafu mwaka 2009, kutoka 55 hadi 60, kuna walioshangilia. Mimi lau ningeachiwa ningetoka na 50. Nilitaka jambo moja tu: niteremke Majengo alasiri, nikae barazani kwa kahawa chungu na kashata, tuwahukumu timu ya Bandari na wanasiasa. Na barazani hakukaliwi bure. Mgonjwa hujulikana hapo, na kijana anayetaka kuposa huulizwa habari zake hapo.

Lakini wanangu walikwishanipangia. "Baba, lima kibustani, utachangamka." Wanaosema hivyo hawajachimba shimo Bamburi. Jembe la tatu lagonga matumbawe, lakurudia mwenyewe. Maji ya kisima yana munyu, ya mfereji huja yakipenda, ya mkokoteni ni pesa kwa kila mtungi wa lita 20. Na waliosema mtaka cha mvunguni sharti ainame hawakuwa na magoti yangu.

Nilikusudia kuishia hapo. Ila kuna huo mdimu.

Niliupanda ili wanyamaze. Masika ya kwanza ulishika vizuri. Kisha majani machanga yakaanza kutoka ya manjano na mishipa yake kijani, kama mtu kachora mito kwenye ramani. Nikasema ni njaa, nikatia samadi ya mbuzi. Wapi! Nikatia jivu la jikoni, maana marehemu mama hakuwa na mti asioutia jivu. Kopo zima kila Ijumaa asubuhi. Manjano yakakaribia weupe. Jirani akaja akatoa fatwa yake: jicho la watu.

Likizo ya Agosti akaja mjukuu wangu, miaka 13. Shule ilikuwa imewapeleka Haller Park, na hakuwa na habari nyingine. Akanieleza kwamba pale palikuwa machimbo ya saruji, mawe matupu, mpaka Rene Haller alipoanza kupanda miti mwaka 1971. Mivinje ikakubali, majongoo wakala majani yaliyodondoka, na kinyesi chao kikawa mboji. Miaka yote napita mlangoni, nikidhani ni mahali pa kutazama viboko.

Akautazama mdimu. "Babu, kuna siki?"

Bibi yake akatoa chupa ya siki ya achari. Mtoto akachota kijiko cha udongo pale shinani, akautia kwenye kisahani cha chai, akamimina. Ukachemka! Povu jeupe, na ukiinama wausikia: tsss, kama soda iliyofunguliwa sasa hivi.

"Chokaa, babu. Chuma kimo humu, lakini chokaa imekifungia, mizizi haikipati. Na jivu lafanya vilevile, lazidisha."

Nilikasirika, sifichi. Miaka 33 ya kuandika makontena, leo mtu asiyeota ndevu aniambie hesabu yangu si sawa. Nikamwambia akasali alasiri, nami nikatoka. Usiku usingizi haukuja. Nilikuwa nahesabu makopo ya jivu. Ijumaa ngapi zile?

Alfajiri, kabla hajaamka, nikachukua chupa nikajaribu udongo wa pembe zote nne za kiwanja. Tsss kila mahali. Nikajaribu vyungu vya asumini vya bibi yake, vilivyotiwa udongo mwekundu wa kununua kwa gunia. Kimya. Hata kitone cha povu. Na asumini yake ilikuwa kijani, yanicheka.

Jivu tukaliacha. Tukanyunyizia majani dawa yenye madini ya chuma kutoka duka la pembejeo, tukafunika shina kwa majani makavu. (Majongoo bibi alikataa katakata.) Majani ya zamani hayakupona, lakini yaliyofuata yalitoka na rangi yake.

Sasa jibu lenu. Bustani? Bado sisemi ndiyo. Anayeishi chumba cha kupanga Kisauni atalima wapi, na mwenye presha msimsukume juani kwa jina la kumchangamsha. Kusoma? Hilo pengine, maadamu msinitafutie darasa lenye madawati. Na baraza naitetea vilevile, ingawa tangu Agosti vikombe vinne vimekuwa viwili, kisha naanza kuitazama saa.

Juzi mmoja wetu pale Majengo alilalamika kuwa mlimau wake wa Mtopanga unatoa majani ya manjano. Nikamuuliza mishipa ina rangi gani. Baraza nzima ikanigeukia. Jumamosi naenda na chupa yangu.

Karani mstaafu, Bamburi