Mnauliza, Tunajibu: Jenerali Ulysses S. Grant wa Marekani

Ile "S" katikati ya jina lake ni kifupi cha nini?

Si kifupi cha chochote. Alizaliwa Ohio mwaka 1822 akaitwa Hiram Ulysses. Mwaka 1839 mbunge aliyempendekeza kuingia chuo cha kijeshi cha West Point alikosea, akaandika "Ulysses S." Kijana akafika na jina lake, chuo kikashikilia karatasi. Aliyewahi kuzungushwa kwa sababu ya herufi moja kwenye cheti cha kuzaliwa anaelewa.

Ni kweli aliwahi kuuza kuni?

Kweli kabisa. Aliacha jeshi mwaka 1854 akiwa kapteni, akajaribu kulima karibu na St. Louis, kilimo kikamshinda. Ndipo akawa anapakia kuni kwenye mkokoteni na kuzipeleka mjini. Mwaka 1860 alikuwa karani katika duka la ngozi la baba yake huko Galena, yeye ambaye tangu utotoni alichukia biashara ya ngozi na hakuweza kula nyama mpaka iive ikauke. Vita vya wenyewe kwa wenyewe, Kaskazini dhidi ya Kusini, vikalipuka 1861, akarudi jeshini. Machi 1864 Rais Lincoln akamkabidhi majeshi yote ya Kaskazini.

Alikuwa mlevi?

Alikunywa, na uvumi ulimfuata maisha yake yote. Msaidizi wake, John Rawlins, alimchunga kama mtoto. Ila mji wa Vicksburg, ngome ya Kusini, hautekwi na mlevi: aliuzingira wiki sita na zaidi, ukasalimu amri tarehe 4 Julai 1863.

Mbona walimwita mchinjaji?

Kwa sababu ya mwaka 1864. Katika wiki chache tu za Mei na Juni alipoteza askari wapatao 55,000, wakiwemo waliokufa, waliojeruhiwa na waliotekwa. Kuhusu shambulio la mwisho huko Cold Harbor, Virginia, aliandika mwenyewe kwamba alilijutia. Simtetei hapo.

Siku Jenerali Lee, kamanda wa Kusini, aliposalimu amri ilikuwaje?

Hii ndiyo nilikuwa naisubiri. Tarehe 9 Aprili 1865, sebuleni mwa nyumba ya mtu pale Appomattox, Virginia. Lee kaja na sare mpya na upanga wa kupendeza. Grant kaingia na koti la askari wa kawaida, nyota za cheo zimeshonwa mabegani, buti zimejaa matope. Wakapiga soga kwanza za vita vya Mexico, ambavyo wote wawili walipigana upande mmoja, mpaka Lee akamkumbusha kilichowaleta. Masharti yalikuwa mepesi: wekeni silaha, rudini makwenu. Askari wenye farasi au nyumbu wao waende nao, maana msimu wa kupanda mazao ulikuwa umefika. Akaagiza wapewe chakula cha watu 25,000, kwani walikuwa na njaa. Wanajeshi wake walipoanza kupiga mizinga ya shangwe, akawanyamazisha.

Alikufa tajiri?

Alitawala kama rais kuanzia 1869 hadi 1877, lakini mwaka 1884 mshirika wake wa biashara, Ferdinand Ward, alimtapeli akabaki mikono mitupu. Mwaka huohuo ikagundulika ana saratani ya koo. Akaketi kuandika kumbukumbu zake ili mkewe Julia asiachwe na madeni. Mwishoni sauti ilikuwa imekauka, akiwasiliana kwa vikaratasi, kajifunga mablanketi kwenye baraza huko Mount McGregor. Alimaliza siku chache kabla ya kufa, tarehe 23 Julai 1885. Kitabu kilimpatia Julia dola zipatazo 450,000.